Duara la Nyasi kwa Soipan

Shamba langu la Kitengela liliwahi kuingia kwenye ramani ya mambo ya kale ya Kajiado nzima. Liliwekewa duara jekundu kabisa, na wasomi wa chuo kikuu wakalikodolea macho huko Nairobi wakidhani wamepata kitu. Nilipoambiwa, nilitembea uani kifua mbele kama bibi wa mbunge. Halafu ikajulikana walichokiona ni pahali ninapomwaga mbolea ya kuku.

Aliyeniletea habari hiyo anaitwa Elphas. Ni mwanamume mrefu wa miaka kama thelathini, kwao ni Kakamega, na anasomea mambo ya watu wa zamani. Alisimama kwenye geti langu na mkoba mgongoni, na kwenye bega amebeba kile kitu cha miguu mitatu cha wapima mashamba. Sasa, huku kwetu mtu akija na miguu mitatu humuulizi ameamkaje. Unajiuliza taito ya shamba lako iko wapi. Mimi niko Kitengela tangu pundamilia walipokuwa wakivuka mbele ya duka, na nimeona mashamba yakilala yakiwa ekari na kuamka yakiwa ploti. Kwa hivyo nilimweka nje ya geti. Nikamuuliza kitambulisho, nikamuuliza jina la mama yake na kanisa anakosali. Akajibu yote bila kusitasita, na hiyo ikanifanya nimshuku zaidi. Mtu mkweli lazima kuna kitu atasahau.

Akasema yeye si savea. Anatafuta maboma ya zamani, ya watu waliochunga ng'ombe hapa kabla hata ya babu wa babu kukumbuka. Mahali ng'ombe wamelala muda mrefu, samadi inaingia ardhini, na nyasi ya hapo inakuwa tofauti mpaka leo. Ukiangalia kutoka juu, kwenye picha za setilaiti, unaona duara la kijani. Sasa wamechukua kompyuta wakaionyesha picha za maduara wanayoyajua, wakaifundisha kama unavyomfundisha mtoto kutambua herufi, halafu wakaiachilia itembee juu ya Kajiado yote ikitafuta mengine. Moja ililiona kwangu.

Nikamzungusha nyuma ya nyumba. Akaangalia kompyuta yake ile ya kukunja, akaangalia kuku, akaangalia rundo, akacheka mpaka akapangusa macho. Akasema hata huko Kisaju kompyuta yao ilikuwa imeweka duara kwenye uwanja wa mpira.

"Na nyinyi mnaiamini?" nikamuuliza.

"Hatuiamini, shosho. Ndiyo maana tunatembea tukiuliza watu," akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu changu.

Nilimkumbusha kwamba zamani hao watu wake walikuwa wakifanya kazi kwa adabu. Nilipokuwa msichana tulipita Oltepesi na watu wa kwaya, tukawaona wamepiga magoti juani, wamenyoosha kamba chini, wanapangusa mawe kwa brashi na kuchora kila jiwe kwa penseli. Elphas akasema kamba bado zipo na magoti bado yanauma. Lakini mwalimu wake alianza na kadi za vitu walivyofukua, zimepangwa kwenye makasha. Kisha kompyuta ikaja kuhesabu zile kadi. Baadaye wakaanza kupanga ramani moja juu ya nyingine kama blanketi kitandani, ya mito chini, ya udongo katikati, ya maboma juu. Sasa wanapiga picha shimo lote kutoka kila upande, kompyuta inalijenga upya, unaweza kulizungusha mezani ukinywa chai. Na siku hizi inatafuta yenyewe, wao wanafuata nyuma.

"Kwa hivyo wewe ni tarishi wa kompyuta," nikamwambia.

Akacheka tena. Sikupenda alivyokuwa mwepesi wa kucheka. Nikamuuliza kutoka hapo anaelekea wapi, naye akanionyesha duara lingine upande wa Kajiado mjini, pale mto wa msimu unapokunja kona. Mto huo naujua. Nikajifanya siujui.

Palikuwa ni kwa Soipan.

Soipan ameniletea maziwa tangu sisi wote tukiwa na meno yote. Ni mjane. Shamba lake bado liko kwa jina la baba mkwe wake, marehemu, na wanaolirithi ni wawili: yeye, na Saruni, mtoto wa shemeji yake. Saruni alikuwa amepata kampuni ya kuchimba mawe ya kujengea, na kampuni ilitaka upande wa chini, ule wa mto. Ni huo upande ng'ombe wa Soipan wanaponea kiangazi kikikaza. Wazee walikuwa wamechoka na kesi yao, wakasema Saruni ni mwanamume na ana haki, basi kampuni iendelee. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Kampuni ilihitaji wataalamu waseme kwamba hapo chini hakuna kitu cha kale. Wakisema kipo, hakuna kuchimba. Wakisema hakipo, ni baruti, na Soipan atafute pahali pa kupeleka ng'ombe kumi na pia masikio yake.

Sasa niambie. Kampuni inangoja mtaalamu, na mtaalamu anatokea na miguu mitatu. Nani amemtuma?

Nilifika kwa Soipan kabla yake. "Takwenya," nikamsalimia kwa Kimaa, naye akaitikia, "Iko," akaniwekea kiti. Nikamweleza yote, hata ya mbolea. Akafikiri akichokonoa meno kwa kijiti. Akasema hilo duara la nyasi analijua vizuri. Alipoolewa, mama mkwe wake alimwambia ng'ombe wakishuka mto hukimbilia hapo kwanza, kwa sababu nyasi yake ni tamu, na hakuna anayejua lilikuwa boma la nani.

"Basi mwambie hivyo," nikasema.

"Nitamwambia. Lakini Saruni atasema mimi niliolewa hapa na yeye alizaliwa hapa. Utaona."

Elphas alipokuja alirusha droni kwanza. Ng'ombe wakatawanyika, Soipan akalaani kwa Kimaa na mimi kwa Kikuyu, na yule mdudu akawa akienda na kurudi juu ya nyasi kama fundi anayepiga rangi ukuta. Kisha akatoa mashine nyingine, bomba refu lililoshikiliwa na mikanda mabegani, akasema ni ya sumaku. Inaonyesha kilicho chini bila kuchimba. Ila ukiwa na chuma mwilini inachanganyikiwa, kwa hivyo tusisogee. Akamwomba Soipan asimame mbali kwa sababu ya shanga zake zenye vidude vya kung'aa. Akanigeukia akauliza kama nami niko na chuma chochote.

"Niko na vyuma viwili vya sidiria," nikamwambia. "Nivue?"

Akasema nisimame tu pamoja na Soipan. Siku hiyo nilimwona akicheka kidogo kuliko kawaida.

Alitembea na hilo bomba mstari kwa mstari mpaka jua likageuka. Tulipomwomba atuonyeshe alichopata, akafunga kompyuta. Hivyo tu, akaifunga. Akasema picha itaonyeshwa siku ya mkutano wa chifu na wenyeji, watu wakishasema wanachokumbuka. Ukimwonyesha mtu picha kwanza, akasema, anaanza kukumbuka picha.

Nilimwambia Soipan njiani kwamba mtu anayeficha karata si lazima awe mwizi, lakini usiweke pochi yako karibu.

Halafu nikaona kwa macho yangu. Nilikuwa Kajiado mjini kununua dawa ya kuku, nikapita mbele ya hoteli moja karibu na stendi, na ndani, meza ya kona, Elphas alikuwa ameketi na Saruni. Kulikuwa na nyama katikati yao. Saruni ndiye aliyekuwa akiongea, mikono juu, mikono chini, na Elphas akiandika kwenye simu. Nilisimama pale nikijifanya natafuta kitu kwenye kiondo mpaka mwenye hoteli akaniuliza kama nimepotea.

Soipan aliposikia akasema, "Basi amenunuliwa."

Mimi si mtu wa kuzunguka. Nilimpigia Elphas simu nikamuuliza nyama ilikuwa na utamu gani. Akajibu kwamba alilipa yake mwenyewe na Saruni akalipa yake. Saruni ndiye aliyemtafuta, akamwambia lile duara si la kale hata kidogo. Ni boma lake. Alilijenga mwenyewe alipomuoa Ruth, akakaa hapo na mbuzi, kisha ukame ukawafukuza.

"Na wewe ukaamini."

"Nimeandika, shosho. Maboma ya juzi pia yanaacha nyasi ya kijani. Kompyuta haiwezi kujua tofauti. Shahidi akisema ni lake na hakuna wa kumpinga, itabidi niweke hivyo kwenye ripoti."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema tukutane Jumamosi, mkutanoni."

Mtu kama huyo utamshika wapi? Nilikata simu. Lakini kuna kitu kilianza kunitekenya. Saruni ninamjua tangu akikimbia bila suruali. Alipomuoa Ruth nilipika kwa harusi yao, na nikikumbuka vizuri, keki ilipoisha waliingia kwenye gari la mpwa wake wakaenda kwa nyumba ya kupanga, ya mabati, hapo Kitengela nyuma ya kituo cha mafuta. Ruth mwenyewe ni karani wa benki. Lakini watu huhama, na mimi siwezi kuapa walilala wapi kila usiku, kwa hivyo nikaweka ulimi mfukoni.

Mkutano ulifanyika kanisani, kwa sababu kanisa la kwa Soipan liko na projekta, ile wanayotumia kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Walifunga madirisha kwa makatoni ili picha ionekane. Parmuat, chifu msaidizi, aliketi mbele. Wazee waliketi upande wa kulia, sisi wamama kushoto, na mtu wa kampuni kwenye kiti cha peke yake nyuma akichezea funguo za gari. Ruth naye alikuwepo, kwa sababu ni shemasi na ndiye anayeshika ufunguo wa projekta. Alikuwa amevaa vizuri lakini alikaa kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Elphas alieleza kazi yake kwa ufupi na ukuta ukiwa mweupe. Kisha akaomba wenyeji waseme.

Soipan alisimama akasema ya mama mkwe wake, ya nyasi tamu, na kwamba boma lile halina mwenyewe anayejulikana. Saruni akasimama baada yake, akamwita yeiyo, yaani mama, kwa heshima kubwa, mpaka nikajua kuna kitu kinakuja. Akasema yeiyo amesikia hadithi za wazee, naye hamlaumu, lakini yeye anasema alichokifanya kwa mikono yake. Boma ni lake. Alikata miiba mwenyewe. Hakuna ya kale pale, kuna samadi ya mbuzi wake tu.

Parmuat akauliza kama kuna mwenye swali. Mimi nikainua mkono. Chifu alinitazama kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba.

"Saruni mwanangu," nikasema, "nisaidie, kichwa changu kimezeeka. Hapo mlikaa nyinyi na nani? Ndugu zako walikuwa pia?"

"Hapana, shosho. Mimi na Ruth peke yetu."

"Na mchungaji hata mmoja?"

"Nilichunga mwenyewe."

"Nyumba basi ilikuwa ngapi?"

"Moja. Ya Ruth."

Kila mtu kule anajua kwamba nyumba ya boma hujengwa na mke. Mume anaweka uzio wa miiba, mke anapaka samadi kuta zake, anawasha moto wake, na nyumba inaitwa yake. Wanawake wote wa upande wetu wakageuka wakaangalia kucha za Ruth. Ruth akafungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

"Na kabla yenu, au baada yenu, kuna mtu mwingine aliyekaa hapo?" nikauliza.

"Hakuna," Saruni akasema. Akageukia chifu, akainua sauti kidogo ili mtu wa kampuni asikie. "Kabla yetu ilikuwa nyasi tupu. Baada yetu ni nyasi tupu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuishi hapo. Ninasema hivyo kanisani."

Nikamshukuru nikaketi. Soipan alinifinya paja akaniuliza kwa kunong'ona kwa nini namsaidia Saruni kukaza ushahidi wake. Nilikuwa nimechimba tu kama kuku, bila kujua nitafukua nini. Nikamwona Elphas akiandika, uso wake hauna habari yoyote, na kwa dakika hiyo nilikuwa na hakika kwamba tumeuzwa.

Kisha akamwomba Ruth awashe projekta.

Picha ya kwanza ilikuwa ya droni, nyasi na mto, na duara la kijani kama kikombe kilichowekwa mezani kikaacha alama. Watu wakasema mm. Elphas akabonyeza kitu, rangi zote zikaondoka. Akasema hii ni ile ile, ila kompyuta imetoa nyasi na kubakisha sura ya ardhi, na imeweka mwanga wa kubuni kutoka ubavuni ili hata mwinuko wa unene wa kidole uwe na kivuli. Tukaona ukingo wa uzio ukizunguka wote. Tukaona pengo la geti. Na ndani ya ukingo, zimezunguka moja baada ya nyingine kama chapati kwenye sinia, kulikuwa na vilima vidogo vilivyolala chini kabisa. Ukitembea pale kwa miguu huwezi kuviona. Mimi nimekaa pale nikila mahindi nisivione.

Soipan alisimama bila kuruhusiwa. Alitembea hadi ukutani, akapitisha kidole, kivuli chake kikaanguka juu ya picha. "Hizi ni nyumba," akasema. "Nyumba iliyoanguka inalala hivi."

Zilikuwa tisa.

Elphas akamuuliza Saruni, kwa upole, nyumba yake na Ruth ilikuwa ipi. Saruni akasogea mbele. Alikuwa amekunja shingo kama mtu anayesoma ubao wa mtihani. Akaonyesha moja karibu na geti.

"Na hizi zingine?" chifu akauliza.

"Hizo ni za mbuzi," Saruni akasema. "Watoto wa mbuzi. Nilikuwa na mbuzi wengi, nikawagawanya."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Inawezekana. Kuna watu hujengea wana wa mbuzi vibanda. Mtu wa kampuni akaacha kuchezea funguo, akatulia. Nikaona uso wa Soipan ukishuka.

Elphas akasema kuna picha moja ya mwisho, ya ile mashine ya sumaku, na kwamba kompyuta itailaza juu ya hii ili zikae sawa. Akabonyeza. Ukuta ukawa kijivu, na katikati ya kila kilima pakatokea doa jeusi, safi, kama mbegu ndani ya tunda. Katikati ya vyote tisa.

Parmuat akauliza madoa ni ya nini.

"Ni udongo uliochomeka, chifu. Moto ukiwashwa pahali pamoja kwa muda mrefu, udongo unashika sumaku, na hiyo haitoki. Haya ni meko. Kila nyumba ilikuwa na meko yake ndani."

Nje punda mmoja alikuwa akilia. Saruni alibaki amesimama mbele ya ukuta, doa moja jeusi limemkaa juu ya shati.

"Saruni," nikamwambia, "kwa hivyo mbuzi zako zilikuwa zinajipikia?"

Kanisa likacheka, hata wazee, hata chifu akajifanya anakohoa. Ruth hakucheka. Alifunga mkoba wake, akauweka kwenye kiti, akasimama kando ya projekta na ule mwanga ukimpiga ubavuni.

"Baba Naserian," akamwita mumewe. "Hawa wanawake wanane ni akina nani?"

"Wanawake gani?"

"Walioniwashia moto jirani. Umesema boma ni lako. Umesema hakukukaa mtu mwingine kabla wala baada. Nyumba moja ni yangu. Sasa mimi ni shemasi, na niko hapa kanisani, na nataka kujua nimeolewa mke wa ngapi."

Saruni alimwangalia chifu. Akaniangalia mimi, nami nikamtolea tabasamu la bibi mzee asiyeelewa kitu. Akauangalia ukuta, kana kwamba yale madoa yangeweza kupungua.

"Ruth, hakuna wanawake."

"Moto uliwashwa na nani?"

"Sijui."

"Boma ni lako na hujui?"

Mtu wa kampuni alikuwa ameshasimama. Saruni alishusha sauti, akaongea kama wako chumbani peke yao, lakini lile kanisa ni la mabati na hakuna neno linalopotea humo.

"Mama Naserian, acha hivyo. Mimi na wewe hatujawahi kulala pale hata siku moja. Wewe mwenyewe unajua."

"Mimi najua," Ruth akasema. "Nilitaka chifu naye asikie."